Klachi Inashika Asubuhi: Usikimbilie Kununua Pleti

SWALI

Fundi, salaam aleikum.

Nina pikipiki ya cc 150, ya kabureta, na huu ni mwaka wake wa nne barabarani. Ninabeba abiria Likoni, steji ya karibu na feri. Usiku naiweka uani, na kutoka uani mpaka ufuoni ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Kinachoifunika ni turubai tu.

Tatizo ni la asubuhi. Napiga kiki, inawaka bila shida. Naiacha ingurume dakika mbili na choki, nashika klachi mpaka mwisho, nakanyaga gia ya kwanza. Hapo inapiga kong! Inaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba, halafu inazima. Nikiwasha tena huruka, ila kidogo. Mara ya tatu inakubali na siku nzima naendesha. Nikipumzika Ijumaa, Jumamosi ndiyo mbaya zaidi. Juzi iliruka ikapindua beseni la unga la mama anayepika mahamri mlangoni petu.

Lingine ni kwenye foleni ya feri, jua likiwa kali. Natafuta nyutro siipati. Inatoka ya kwanza inaingia ya pili, inatoka ya pili inaingia ya kwanza, mpaka nizime injini.

Kuteleza haitelezi. Napanda mlima wa kutoka feri na abiria na gunia la nazi, inavuta vizuri.

Oili nilibadilisha wiki tatu zilizopita, 20W-50 ya kupimiwa kwenye pipa. Muuzaji aliniambia ni ya gari lakini ni ile ile. Kila jioni naiosha kwa mpira wa maji. Fundi mmoja mtaani ameshanihukumu: pleti zimeisha, ninunue seti nzima pamoja na springi. Je, ni kweli zimeisha? Na kuna nini ninachoweza kufanya mwenyewe kwa spana namba 10 na 12, maana ndizo nilizo nazo?

Wa steji, Likoni


JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Pesa yako iache mfukoni kwanza. Pleti zilizoisha huteleza: unavuta mafuta, injini inalia juu, pikipiki haisogei inavyopaswa, na mlimani na mzigo ndipo aibu inapotoka. Yako ina ugonjwa wa upande wa pili. Inashika pale inapotakiwa iachie. Gunia lako la nazi limeshajibu nusu ya swali: pleti zinabana sawasawa.

Na tahadhari na jambo moja. Ukinunua seti ile, huenda ukapona, kisha ukaamini dawa isiyo yenyewe. Fundi akifungua klachi atamwaga oili ya pipa, ataweka nyingine, na akimaliza ataurekebisha waya wa klachi upya. Asubuhi ikitulia, sifa zitaenda kwa pleti, kumbe kazi imefanywa na oili na waya.

Ndani ya klachi yako kuna pleti za aina mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine kama chapati. Zile zenye utando wa msuguano zina masikio kwa nje, na masikio hayo huingia kwenye mifereji ya bakuli la klachi, ambalo linazungushwa na injini. Zile za chuma kitupu zina meno kwa ndani, nazo zimeshika kitovu kilichounganishwa na gia. Springi huzibana zote pamoja, na zote huogelea katika oili ile ile ya injini. Ukishika mkono wa klachi, unaipandisha pleti ya kubana, na hapo kila moja inapaswa kuiacha jirani yake.

Sasa tazama udogo wa nafasi yenyewe. Pleti ya kubana hupanda milimita moja na nusu hivi, basi. Chukua klachi yenye pleti tano za msuguano: kila moja ina nyuso mbili, jumla nyuso kumi. Gawa 1.5 kwa 10, unapata milimita 0.15 kwa kila uso, yaani unene wa karatasi moja na nusu ya daftari. Katika mwanya huo mna oili. Pikipiki ikilala usiku kucha, springi huikamua oili ile mpaka ukabaki utando mwembamba unaonata, kama vioo viwili vyenye maji katikati: kuviteleza ni rahisi, kuvibandua ni kazi. Ikilala siku mbili, inanata zaidi, ndiyo maana ya Jumamosi yako.

Watu husema ni baridi. Baridi ipi? Likoni hata Julai, upepo wa kusi ukivuma, usiku ni nyuzi 20 na kitu. Lakini kwa oili, 20 na 100 ni dunia mbili. Oili ya 20W-50 ikiwa nyuzi 40 huwa nzito karibu mara nane au tisa kuliko ikiwa nyuzi 100, na alfajiri ya uani kwako iko chini hata ya hizo 40. Kwa hiyo aliye baridi ni oili, wala hahitaji kwenda Limuru kuipata hiyo baridi.

Kabla ya kugusa spana, fanya jaribio moja la usiku mmoja. Jioni ukiegesha, shika mkono wa klachi mpaka mwisho, ufunge kwenye mpini kwa kipande cha mpira wa tyubu. Asubuhi fungua, washa, ingiza gia huku umeshika breki ya mbele. Ikiwa haikuruka, umejua: pleti zilikuwa zinagandana usiku, na dawa iko kwenye oili na katika namna ya kuamsha pikipiki. Ikiwa imeruka vile vile, klachi yako haifunguki ya kutosha hata ukishika mpaka mwisho, na dawa iko kwenye waya au ndani. Ni jaribio tu, usiligeuze desturi. Waya ukikaa umevutwa kila usiku unachoka.

Kwa dalili zako nadhani una yote mawili kwa pamoja. Kugandana ni asubuhi tu. Nyutro kukataa mchana, oili ikiwa nyepesi na moto, hakuwezi kuelezwa na kugandana. Hapo namshuku waya.

Basi anza na waya, maana haugharimu kitu. Injini ikiwa imezima na imepoa, vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja mpaka uhisi umeanza kuwa mzito. Umbali ambao ncha ya mkono imesafiri kabla ya uzito huo ndio uhuru wake. Kwa pikipiki nyingi ndogo uhuru huo ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Cha mwisho ni kitabu cha pikipiki yako. Pima kwa rula ya mtoto wa shule, si kwa jicho. Tuseme ncha husafiri milimita 75 mpaka iguse mpini. Ukiwa na uhuru wa 15, zinabaki 60 za kazi. Uhuru ukiwa 30, zinabaki 45: robo ya kazi imepotea, na zile 0.15 za kila uso zimekuwa kama 0.11. Hapo nyutro haitapatikana hata kwa dua.

Kurekebisha anza chini, kwenye injini. Legeza nati mbili zinazoshika ganda la waya (mara nyingi ni hiyo hiyo 10 au 12 yako), sogeza, kaza. Kirekebishi cha juu, kile cha kuzungusha kwa vidole penye mkono, kiache katikati ya safari yake kikusaidie kumalizia na kikubakishie nafasi ya siku za mbele. Wengi hucheza na cha juu peke yake mpaka kimetoka nje chote na kinaning'inia kwa uzi mbili tatu. Hicho siku moja kitakatikia darajani. Ukimaliza, hakikisha mwanya wa kirekebishi, ule unaopitisha waya, unatazama chini. Ukitazama juu ni faneli ya mvua.

Na usikaze mpaka uhuru wote uishe. Waya usio na uhuru kabisa ni sawa na mtu aliyeweka kidole kwenye klachi mchana kutwa: pleti hazibani kikamilifu, zinateleza, zinaungua. Hapo ndipo utabiri wa fundi wako utatimia kweli.

Baada ya kurekebisha, washa injini ikiwa nyutro, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, na kila upande upime uhuru tena. Ukibadilika, waya umebanwa mahali au umepitishwa vibaya nyuma ya taa.

Waya wenyewe nao uangalie. Hewa ya bahari ina chumvi, na mpira wako wa maji unaisukuma chumvi hiyo ndani ya ganda. Uchomoe juu, ushike waya kwa vidole, uuvute na kuurudisha. Unatakiwa uteleze bila kukwaruza. Ukikwaruza, kata kona ya mfuko wa nailoni, funga kona hiyo kwenye mdomo wa ganda kwa kamba au utepe ili iwe kama faneli, tia oili nyepesi vijiko viwili, ning'iniza waya usiku kucha mpaka oili itokee chini. Itatoka nyekundu ya kutu. Ongeza mpaka itoke safi. Grisi usitie, inaganda na kushika mchanga, na kama ganda lina utando wa plastiki ndani, hata oili huihitaji sana. Tazama pia kile kichwa cha risasi kinachokaa ndani ya mkono: uzi mmoja tu wa waya ukiwa umekatika na kusimama kama mwiba, badilisha waya wote leo. Waya ni spea ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa.

Tuje kwenye oili. Huyo muuzaji wa pipa alikosea aliposema ni ile ile. Katika gari la kawaida la gia za mkono, oili ya injini haigusani na klachi. Klachi iko peke yake, kavu. Kwako oili moja inalainisha injini, inahudumia gia, na inaloweka klachi. Kwa hiyo zimetengwa oili za pikipiki zilizopimwa msuguano wake, na alama yake kwenye chupa ni JASO MA au MA2. Kipimo hicho kilitoka Japani mwaka 1998, na MA2 ikaongezwa mwaka 2006. Ukiona JASO MB, hiyo ni laini, ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili, iache dukani. Oili ya pipa haina chupa, haina alama, na huwezi kujua kama ni mpya au imeshapikwa katika injini ya mtu mwingine ikachujwa. Oili iliyochoka hugeuka nata nata, na nata hiyo ndiyo gundi ya asubuhi.

Nunua chupa iliyofungwa, yenye MA au MA2, uzito ule unaotajwa na kitabu chako. Kama kitabu kinaruhusu 10W-40 pamoja na 20W-50, kwa ugonjwa huu ningechagua 10W-40, maana asubuhi ni nyepesi zaidi. Kama kinataja 20W-50 peke yake, baki nayo. Ikiwa safi na ya pikipiki haitakusumbua.

Mwaga ya zamani injini ikiwa na moto, baada ya kuendesha dakika kumi. Kabla ya kumwaga, fungua kifuniko cha kutilia oili utazame chini yake. Ukikuta povu la rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Iache itiririke robo saa, safisha chujio la wavu kama pikipiki yako inalo, weka washa mpya ya shaba kwenye bolti ya kumwagia. Injini nyingi za cc 150 hubeba lita moja na kidogo, kwa hiyo tia mililita 900 kwanza, washa dakika tatu, zima, subiri dakika tatu nyingine, pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya kati, ndipo upime na kuongezea. Kwenye stendi ya pembeni kipimo ni cha uongo. Na kijiti cha kupimia, kwa pikipiki nyingi, huchovywa bila kukazwa. Ukikikaza kinaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Ya zamani usiimwage mtaroni, mitaro yetu yote inaishia kwenye maji tunayovua.

Usihukumu siku ya kwanza. Kati ya pleti kuna masalia ya oili ya zamani, nayo huchukua asubuhi mbili tatu kuoshwa.

Sasa namna ya kuiamsha. Kabla ya kupiga kiki, swichi ikiwa imezimwa, ingiza gia ya tatu, shika klachi mpaka mwisho, sukuma pikipiki mbele na nyuma hatua moja moja. Mwanzoni itakuwa nzito kama iliyofungwa breki. Kisha utahisi inaachia ghafla, tk, na magurudumu yanakuwa mepesi. Hapo pleti zimebanduka bila kelele na bila beseni la mtu kupinduka. Rudisha nyutro, washa. Choki ikishatolewa, subiri mzunguko wa injini ushuke. Kuingiza gia huku choki inaivutisha juu kunaongeza ile kong, hata klachi ikiwa nzima. Injini ikishapata moto, mzunguko wake wa chini uwe kati ya 1,300 na 1,500 kwa dakika kwa pikipiki nyingi za aina hii. Kama yako inanguruma juu ya hapo, punguza kwa skrubu ya kabureta. Shika klachi, hesabu mpaka tano, ingiza gia huku breki ya mbele imeshikwa. Mlio mdogo wa kuingia gia ya kwanza asubuhi ni kawaida, usikuhangaishe. Kuruka ndiko kusiko kawaida.

Je, umefanya haya yote, wiki imepita, na bado nyutro inakataa foleni ikiwa moto? Basi sasa ifunguliwe, lakini iwe kwa kutazama kabla ya kununua. Mwambie fundi atazame kwanza vidole vya bakuli la klachi, pale masikio ya pleti yanapogonga. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mashimo madogo, masikio yanaingia humo na kugoma kuteleza, na klachi haiachii hata pleti zikiwa mpya kabisa. Hapa ndipo seti mpya huwaaibisha watu. Mashimo membamba hulainishwa kwa tupa laini, vidole vyote kwa kiasi kimoja, kitambaa kikiwa kimeziba chini ili unga wa chuma usiingie injini. Yakizidi nusu milimita, bakuli libadilishwe.

Kisha pleti za chuma. Kila moja ilazwe juu ya kipande cha kioo cha dirisha na bamba la kupimia mwanya lipitishwe chini yake. Kwenye pikipiki nyingi ndogo ikipitisha 0.2 imepinda, haifai. Yenye doa la buluu imewahi kuungua. Yenye kutu kidogo husuguliwa kwa msasa namba 400 na kuoshwa. Za msuguano hupimwa unene: nyingi huwa karibu milimita 3.0 zikiwa mpya na hutupwa zikifika 2.6, lakini kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho. Kama zimo ndani ya kipimo, zirudi zilipotoka, kwa mpangilio ule ule.

Mawili ya kumsimamia fundi. Pleti mpya, kama zitahitajika, zilowekwe katika oili ya injini usiku mzima kabla ya kufungwa. Zikiingia kavu hushika kwa pupa na kuungua siku ya kwanza. Na bolti za springi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana fupi. Zinaingia kwenye nguzo za aluminiamu, na mkono wenye hasira huzikata nguzo hizo kama kibiriti.

Foleni ya feri: ukijua utasimama zaidi ya nusu dakika, tafuta nyutro pikipiki ikiwa bado inasogea pole pole, ndipo inapopatikana kwa urahisi, kisha achia klachi. Kushika klachi dakika tano na gia ndani kunazichemsha pleti zinazosuguana bila kubanana.

Na mpira wa maji wa jioni usiuelekeze kwenye mkono wa klachi wala kwenye mdomo wa waya. Hapo pafute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba, kisha tone moja la oili kwenye bolti ya mkono kila Ijumaa, maadam ndiyo siku unayopumzika.